Waliomsindikiza Kakule

Siku alipozikwa mume wangu, mimi sikufika makaburini. Jeneza lake lilikwenda upande mmoja, mimi nikapelekwa upande mwingine, nimelazwa kwenye kiti cha nyuma cha taksi, mguu wangu wa kushoto ukiwa mapajani mwa kijana ambaye nilidhani ni msamaria tu.

Naandika haya sasa kwa sababu naweza kukaa bila kuegemezwa mito, na kwa sababu najua kuna mwanamke mahali fulani, pengine hapa hapa Goma, amelala chali akitazama dari la hospitali, hajui atatoka lini wala atatoka na nini. Namwandikia huyo. Nawaandikia pia vijana wanaopanda pikipiki na wale wanaoendesha gari za baba zao, ingawa najua vijana hawapendi maandishi marefu.

Jina langu ni Kavira. Kwetu Majengo wananiita Mama Asifiwe, kwa jina la binti yangu. Mimi ni fundi wa kushona. Mume wangu Kakule alikuwa motari, yaani aliendesha pikipiki ya kubeba abiria. Alikuwa mtu wa utani, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Vijana wengi wa pale kituoni kwao ni yeye aliyewafundisha kuendesha, na nilikuwa namsikia akiwafokea: "Kaske iko ya kichwa, haiko ya mukono!" Maana vijana wetu huivaa kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, kwenye kiwiko, kama mama aendaye sokoni na kikapu.

Siku ile yeye mwenyewe aliivaa kwenye kiwiko. Alikuwa ametoka kumfikisha abiria Kibumba, anarudi mjini peke yake. Barabara ile inateremka vizuri, inampa mtu raha. Akataka kulipita lori la makaa kwenye kona. Upande wa pili lilikuwa linakuja gari dogo, na kijana aliyeliendesha naye alikuwa na haraka zake. Sijui zaidi ya hapo, na nimeacha kuuliza. Nilicholetewa nyumbani ni kaske. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Kwetu, motari akifa, motari wenzake ndio wenye msiba. Wanakuja kwa wingi, wamefunga majani mabichi kwenye pikipiki, wanapiga honi mfululizo. Wengine wanaendesha wamesimama juu ya kiti, wengine wananyanyua gurudumu la mbele, wengine wamepakizana watatu watatu, vichwa wazi. Mji mzima unawapisha. Nilipokuwa msichana nilikuwa natoka mlangoni kuwatazama, na niliona ni heshima kubwa.

Jeneza la Kakule liliwekwa nyuma ya pikapu. Sisi wanawake tulipanda basi dogo, nami nilikaa karibu na mama mkwe wangu, tumeshikana mikono. Kabla ya kufika makaburini msafara ulikwama. Lori la mawe lilikuwa limeharibika katikati ya njia, na pikapu ilikuwa inapita kwa shida kando yake. Mama mkwe akasema, "Tushuke, tumusindikize na miguu."

Tukashuka. Nilianza kutembea nyuma ya pikapu, nikilitazama ua moja la plastiki lililokuwa linatikisika juu ya jeneza. Nikasikia wanawake wanapiga mayowe. Pikipiki yenyewe sikuiona. Nilisikia tu kitu kimening'oa kutoka chini, kama mtu anavyong'oa shina la muhogo, kisha nikaiona mbingu.

Nilipoinua kichwa, mguu wangu ulikuwa umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Mfupa ulikuwa nje. Ulikuwa mweupe, safi kabisa. Nakumbuka nilishangaa usafi wake kabla ya maumivu kufika.

Watu wakaanza kubishana juu yangu. Wengine walikuwa wanampiga aliyenigonga, wengine wanatafuta gari, wazee wanasema maiti haiwezi kurudishwa nyumbani. Mama mkwe wangu alisimama katikati. Alinitazama mimi, akaitazama pikapu, akanitazama tena.

"Kavira," akasema. Siku zote ananiita Mama Asifiwe. "Leo niko na mutoto wa kuzika. Nisamehe."

Akamfuata mwanawe. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Nilitaka awepo hata mtu mmoja wetu wa kumwona Kakule akishushwa.

Ndani ya taksi kijana mmoja alinishika mguu. Alikuwa ameuzungushia shati lake, na yeye kifua wazi. Mdomo wake ulikuwa umevimba na kupasuka. Kila gari liliporuka kwenye mawe alisema, "Pole, mama. Pole, mama. Pole." Tulipofika hospitalini na wauguzi wakanitoa, nilimshika mkono.

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Akaanza kulia. "Usiniambie asante, Mama Asifiwe. Ni mimi. Ni mimi nimekugonga."

"Wewe ni nani?"

"Faustin. Kaka Kakule ndiye alinifundisha kuendesha."

Wakanisukuma ndani, mlango ukafungwa.

Walinifanyia upasuaji wa kwanza siku hiyo hiyo. Nilipoamka niliukuta mguu umefungwa vyuma: fito mbili za chuma nje, zimeshikwa na misumari iliyopita kwenye nyama mpaka ndani ya mfupa. Mguu wangu ulifanana na nyumba inayojengwa. Nyumbani kwangu watu walikuwa wamekaa kwenye kilio, wameketi juu ya mikeka yangu, wanapika kwenye masufuria yangu. Mimi rambirambi nilizipokea kitandani. Mara nyingine mgeni aliingia wakati nimekalia beseni la haja, na aliona haya kurudi nyuma, na mimi niliona haya kumwambia angoje, tukasali hivyo hivyo.

Mama mkwe alikuja baada ya siku kadhaa, amevaa kitambaa cheusi kichwani. Alikaa pembeni ya kitanda.

"Alizikwa vizuri?" nikauliza.

"Alizikwa."

"Watu walikuwa wengi?"

"Watu walikuwa wengi. Wote waliuliza mke wake yuko wapi." Kisha akafunika uso na kile kitambaa. "Nilisema yuko njiani, anakuja."

Habari ya pesa za hospitali nitaiacha. Kila aliyelazwa kwetu anaijua. Nitasema habari ya benchi.

Kulikuwa na benchi refu la mbao nje ya chumba cha pansema, mahali wanaposafishia vidonda. Tulikuwa tunapangwa pale asubuhi, wenye magongo, wenye viti vya magurudumu, wenye kubebwa. Mlango ulikuwa mwembamba, kwa hiyo aliyekuwa nje alisikia yote ya aliyekuwa ndani. Ukingoja zamu yako unakuwa umeshaumia kwa ajili ya watu wengine wote. Karibu kila mmoja kwenye benchi lile alikuwa ameletwa pale na barabara. Mwanafunzi aliyekuwa amepanda nyuma ya rafiki yake. Mchungaji aliyegongwa na gari la vijana waliokuwa wanatoka harusini. Mama Shantal, muuza ndizi, aliyekuwa anavuka tu barabara na beseni lake kichwani.

Mama Shantal ndiye aliyenifundisha kupiga kelele. Mimi nilikuwa nauma khanga, najikaza, natoka mle ndani nimelowa jasho kama aliyenyeshewa. Akaniambia, "We mama, unamuficha nani? Piga makelele. Dokta ameshazoea, na Mungu haogopi." Nikapiga. Na kweli, maumivu yalikuwa yale yale, lakini sikuwa nayo peke yangu. Wewe unayelala huko, kama bado unajikaza, acha.

Faustin alikuja wiki ya kwanza. Alisimama mlangoni mwa sali, yaani wodi yetu, na mfuko wa maparachichi. Mama mkwe alikuwepo. Aliinuka kama mtu aliyechomwa.

"Wewe! Utoke hapa. Umekuja kumaliza?"

"Mama, nimeleta tu..."

"Toka na matunda yako!"

Mfuko akauacha sakafuni, akaenda. Lakini hakwenda mbali. Niligundua baadaye kwamba alikuwa anakaa uani, kule nyuma ambako walezi wa wagonjwa wanafua na kupika. Kwetu mgonjwa asiye na mlezi wa kukaa naye hana pa kushika, maana muuguzi hapiki wala hafui. Mama mkwe wangu alikuwa na Asifiwe mgongoni na msiba moyoni, na alikuwa amechoka. Nguo zangu zikawa zinarudi zimefuliwa, na yeye alidhani ni mimi niliyemtuma jirani. Maji yakawa yamejaa dumu kabla hajaenda kuyachota. Niliijua kazi hiyo ni ya nani. Sikusema. Sikuwa nimemsamehe. Nilikuwa sina nguvu ya kukataa maji.

Mvua ilikuwa nyingi wakati ule. Paa la bati lilipiga kelele mpaka tukaongea kwa ishara. Na katikati ya mvua hizo mguu ukaanza kunuka.

Hili wengi wanalificha, nami sitalificha. Mfupa wangu ulioza. Usaha ulitoka kando ya misumari, wa rangi ya maziwa yaliyoganda, na harufu yake ilikaa kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye chakula. Nilikonda. Nywele zilitoka zikabaki kwenye mto. Paja langu, ambalo Kakule alikuwa analitania kuwa ni mlango wa kanisa, likawa jembamba kama mkono. Mama mkwe alimleta Asifiwe aniangalie, amevaa gauni nililomshonea mwenyewe. Alifika mguuni pa kitanda, akaviona vile vyuma, akasikia ile harufu, akageuka akamkumbatia bibi yake kwenye mapaja.

"Njoo kwa mama," nikamwambia.

"Huyu haiko mama," akasema. Wala hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatusahihisha tu.

Siku ile nilimwomba daktari aukate mguu. Nilimwambia aukate autupe, nirudi nyumbani nikiwa hata nusu. Alikuwa mtu mpole, alivaa miwani iliyofungwa kwa plasta. Akasema, "Mama, tujaribu kwanza kuufungua na kuukwangua mfupa. Ikishindikana, tutakata. Lakini utapoteza damu. Familia ilete watu wa kutoa damu."

Ndugu zangu wako Butembo, na barabara za kuja zilikuwa zimefungwa na mambo ya vita. Mama mkwe akasema atatoa yeye. Akaenda kwenye chumba cha damu, akakuta Faustin amekaa kwenye kiti cha mbele yake, ameshapandisha mkono wa shati. Nani alimwambia, sijui. Uani habari zinatembea.

Walimpima mama mkwe wakamkataa; presha yake ilikuwa juu, na umri. Walimpima Faustin wakamchukua. Mama mkwe alibaki pale kwenye kiti, akiitazama damu ya yule kijana ikishuka kwenye mfuko. Hayo alinisimulia mwenyewe, muda mrefu baadaye, tukiwa tunachambua maharagwe.

Walipomaliza, mama mkwe alikwenda uani, akapakua fufu na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, aliyokuwa amenipikia mimi, akarudi nayo.

"Kula," akamwambia.

"Mama, hapana, iko ya mugonjwa..."

"Mutu akitoa damu anakula. Kula."

Hakumtazama usoni. Lakini alisimama pale mpaka sahani ikaisha.

Upasuaji ule ulifuatiwa na mwingine, na baada yake mwingine tena. Sikuhesabu siku, nilihesabu vyuma. Kulikuwa na wakati wa vyuma virefu, kisha wakati wa vyuma vifupi, kisha wakati walipochuna ngozi ya paja na kuibandika kwenye muundi, na paja likauma kuliko mguu wenyewe. Mvua zikakatika. Kiangazi kikaja na vumbi lake jeusi, likawa linaingia madirishani na kukaa juu ya maji ya kunywa. Kinamama wa sali wakaanza kututoa nje juani, tukapangwa ukutani kama nguo zilizofuliwa.

Hapo ukutani ndipo nilipozungumza na Faustin kwa mara ya kwanza tangu ile taksi. Alikuwa hapandi pikipiki tena. Alikuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, anateremsha viazi na kabichi za watu mpaka sokoni. Kwao ni Kibumba. Walikimbia vita wakakaa kambini Kanyaruchinya, na kutoka huko alikuwa anakuja kwa miguu. Aliniletea karoti, akachuchumaa mbali kidogo na kiti changu.

Nikamwambia, "Faustin, nataka kukuuliza kitu kimoja, na usinidanganye. Ile siku ulikuwa umekunywa?"

"Hapana, mama. Hata kidogo."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Alikwangua udongo kwa kijiti. "Nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Nilikuwa nimeachia mikono."

"Kwa nini?"

"Mama, tulikuwa tunamusindikiza. Yeye ndiye alinishika mukono wakati sikuwa na kitu. Niliona nikienda polepole, itakuwa ni kama simupendi."

Nililia pale juani mpaka Mama Shantal akaja na magongo yake kuuliza nani amenikosea. Nilikuwa nimemngoja kijana mlevi. Nilikuwa nimemngoja mjinga, mtu wa kumchukia, ili nipate pa kuuweka mguu wangu na mume wangu. Na mbele yangu alikuwa amechuchumaa mtoto aliyempenda Kakule na hakujua namna nyingine ya kulionyesha pendo hilo.

Kijana unayesoma, hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Wewe si mtu mbaya. Najua. Unakimbia kwa sababu una furaha, au una uchungu, au abiria amekuambia amechelewa, au rafiki zako wanakutazama. Barabara haijui sababu yako. Kakule hakuwa mtu mbaya, alikuwa anawahi nyumbani. Yule wa gari dogo, sidhani alikuwa mtu mbaya. Vaa kaske kichwani na uifunge. Kwenye kona baki nyuma ya lori, ule vumbi lake. Na wewe abiria, sema "polepole" kwa sauti, na akikataa, shuka, hata kama mvua inanyesha.

Nilitoka hospitalini mvua zilipoanza kurudi. Mguu ulibaki wangu, lakini ni mfupi kuliko mwenzake, na goti halikunji. Daktari alisema nishukuru, nami nashukuru, siku nyingine zaidi ya nyingine. Mashine yangu ya kushona ni ya kukanyaga. Ilibidi nijifunze kukanyaga kwa mguu mmoja, huku ule mwingine umenyooshwa pembeni juu ya kigoda, na wateja wanajikwaa nao. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Mama mkwe alikuwa amezitoa nguo za Kakule, akawapa ndugu, isipokuwa jaketi moja. Na Asifiwe alikuwa amezoea kulala na bibi yake. Usiku wa kwanza nilisikia wakinong'ona upande wa pili wa pazia. Ilichukua kiangazi kizima kingine kabla hajaja mwenyewe asubuhi moja na kitana, akakaa katikati ya miguu yangu, ule unaokunja na ule usiokunja, akasema, "Nisuke."

Kabla ya hapo, mama mkwe alinipeleka kwa Kakule. Tulikwenda na taksi, polepole, dereva akiapa kwa mama yake kwamba hajawahi kuendesha hivyo. Makaburi yameongezeka sana. Peke yangu nisingempata. Msalaba wake ulikuwa wa mbao, na jina limefifia kwa mvua. Mama mkwe alinionyesha kama mtu anayemwonyesha mgeni chumba.

"Hapa ndipo kichwa. Hapa miguu. Alikuwa amevaa ile suti ya harusi."

Nilitaka kupiga magoti. Goti lilikataa. Nilijaribu kujishusha kwa magongo, nikashindwa, nikabaki nimeinama nusu kama mtu aliyeangusha kitu. Mama mkwe alipiga magoti yeye, na yeye ni mzee. Akachimbua udongo kwa vidole, akainua mkono, akanipa konzi moja.

"Tupa," akasema. "Nilikuachia nafasi yako."

Nikatupa.

Siwezi kusema kwamba baada ya hapo nilipona. Moyo wangu haukupona. Kuna jioni nasikia pikipiki inakata kona ya kwetu, na mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye sufuria kupakua chakula cha watu wawili wakubwa. Lakini naweza kutembea na fimbo moja, na nalala.

Juzi juzi, katika mvua hizi za sasa, Faustin alikuja mbio asubuhi. Motari mwingine alikuwa amekufa, kijana mdogo kabisa, wa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Wenzake walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba wakingoja jeneza litoke.

"Mama, wameshaanza kuwasha. Wameshafunga majani. Mimi hawanisikii."

Nilikwenda vile vile nilivyokuwa, na sindano ya kushonea kifuani. Walikuwa wamejaa njia nzima, moshi mpaka juu ya mabati. Niliingia katikati yao na fimbo yangu. Mmoja mwenye jezi nyekundu, aliyeonekana kuwa mkubwa wao, aliniambia kwa adabu, "Mama, pita pembeni, utaumia."

"Nimeshaumia," nikamwambia. "Zima nikueleze."

Akazima, kwa mshangao labda. Niliwaambia mimi ni mke wa Kakule. Wengine walimkumbuka. Niliinua kitenge mpaka gotini, mbele ya wanaume, jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitalifanya. Niliwaonyesha muundi, ile ngozi ya viraka, mashimo ya misumari.

"Waliomsindikiza bwana yangu walimpenda kama nyinyi munavyomupenda huyu," nikasema. "Hii ndio mapendo yao."

Yule wa jezi nyekundu aliinamisha kichwa. "Mama, lakini hii ni heshima yetu. Akienda kimya, watu watasema hakuwa na watu."

"Mama yake iko ndani. Mumuulize yeye anataka nini. Anataka mutu mwingine aanguke leo?"

Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Walitazamana. Nyuma wengine walicheka, wakawasha, wakaondoka kwa kelele kwenda kungojea mbele. Kisha Faustin, ambaye hana pikipiki, alikwenda kwa kijana mmoja aliyekuwa amekaa karibu, akamwambia kitu sikioni. Kijana akashuka. Wakashika usukani kila mtu upande wake, wakaanza kuisukuma pikipiki kwa mikono. Yule wa jezi nyekundu akafuata. Wengine wakafuata. Si wote. Lakini walikuwa wengi.

Jeneza lilitoka, likapanda gari, na gari likaenda mwendo wa mtu. Nyuma yake vijana walisukuma pikipiki zao zilizozimwa, wakihema kwenye mpando, matairi yakisaga mawe. Wanawake waliimba. Mimi nilikuwa mwisho kabisa, na mara kwa mara Asifiwe, aliyekuwa na bibi yake, aligeuka kutazama kama bado nakuja.

Nilifika makaburini wakati wanafukia. Mama wa marehemu alikuwa amekaa chini, ameshikwa na dada zake. Ni mwanamke mdogo kwangu. Mtu alimnong'oneza, akainua macho akanitafuta, nami nikasogea na fimbo yangu mpaka alipo. Alinishika ule mguu mbaya, maana ndio uliokuwa karibu naye.

"Hakukuwa na honi. Niliusikia wimbo wote," akasema. "Mpaka mwisho."

Kisha akaanza kulia upya, nami nikalia naye. Na wale vijana walikuwa wamesimama kando ya pikipiki zao, kaske zimevuliwa, jasho linawatoka, hawajui mikono yao waiweke wapi.